Makaburi ya Nairobi yanavyosimulia historia ya taifa

ANAYETAKA kuijua historia ya Nairobi si lazima aanzie maktabani. Makaburi ya watu mashuhuri jijini humo yana mengi ya kufunza, si kwa majina yaliyoandikwa tu, bali pia kwa mahali yalipo.

Katikati ya jiji, kwenye uwanja wa Bunge, amezikwa Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza, aliyefariki Agosti 22, 1978. Kaburi lake hulindwa na wanajeshi.

Mtaani Parklands, ndani ya bustani ya City Park, hakuna fahari kama hiyo. Humo amelazwa Pio Gama Pinto, mwanahabari na mbunge aliyeuawa kwa risasi nyumbani kwake Februari 24, 1965. Karibu naye yupo rafikiye, Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka wa 1966, aliyefariki 1990. Murumbi ndiye aliyetaka azikwe karibu na Pinto.

Huko Upper Kabete, katika taasisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, yamehifadhiwa majivu ya Profesa Wangari Maathai, aliyefariki 2011. Aliagiza asiwekwe katika jeneza la mbao.

Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti Februari 18, 1957, ana barabara na sanamu katikati ya jiji, lakini hana kaburi linalojulikana. Mjane wake, Mukami, alifariki 2023 kabla ya kumzika mumewe.

Basi mwalimu anayewapeleka wanafunzi makaburini na awafikishe pia penye sanamu hiyo, wajiulize: ni nani aliyepewa kaburi, na ni nani aliyenyimwa?