Umefuta Bei Kwa Boksi, Lakini Risiti Bado Inatoka na Ile ya Zamani

Kama unaunda programu ya duka kwa WPF, hii itakushika siku moja. Boksi ya bei umeifunga kwa namba ya int. Keshia anafuta 250, boksi inabaki tupu, kabla aandike 300 anabonyeza kuuza. Risiti inatoka na 250. Jioni hesabu haitoshani na ni yeye anakatwa mshahara.

Si uchawi, msee. Kwa boksi kila kitu ni maandishi, WPF ndiyo huyageuza kuwa namba. Boksi tupu haigeuki kuwa int, na WPF haiweki sifuri. Inachora tu mstari mwekundu kuzunguka boksi, halafu namba ya zamani inakaa pale pale kimya kimya.

Weka int? badala ya int, kisha kwa binding uandike TargetNullValue=''. Sasa keshia akifuta, bei inakuwa null kweli. Kuzima batani ya kuuza hadi ijazwe, hiyo ni kazi yako.

Na bei ikiwa na senti, wachana na UpdateSourceTrigger=PropertyChanged. Tangu .NET 4.5, ukiandika "12." nukta inamezwa kabla ufikie 5.