Nairoviridae: Familia ya Virusi vya Kupe Yenye Jina la Nairobi

Mwanzoni mwa karne ya 20, kondoo na mbuzi waliopelekwa Nairobi kutoka mbali walikuwa wakihara na kufa kwa wingi. Mwaka 1917, daktari wa mifugo aitwaye Montgomery alichapisha maelezo kwamba ugonjwa huo huenezwa na kupe. Ukaitwa ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, na kutokana nao ikapatikana familia nzima ya virusi: Nairoviridae.

Jamaa wa kirusi hicho anayehofiwa zaidi ni kile cha homa ya kutokwa damu ya Krimea-Kongo. Ugonjwa huo ulielezwa katika rasi ya Krimea mwaka 1944, ulipowapata wanajeshi wa Kisovieti. Mwaka 1956 kirusi kilipatikana kwa mgonjwa huko Kongo. Ilipofika 1969 ndipo ilipothibitika kuwa virusi vya Krimea na vya Kongo ni kimoja.

Kwa nini ni familia ya peke yake

Kwa miaka mingi virusi hivi viliwekwa kundi moja na kirusi cha homa ya Bonde la Ufa. Kati ya mwaka 2016 na 2017, wataalamu wa uainishaji wa virusi walivipa familia yao wenyewe. Vina RNA iliyogawanyika vipande vitatu. Kipande kidogo hubeba maelekezo ya protini inayofunika RNA. Cha kati, ya protini za juu ya ganda zinazokisaidia kirusi kuingia katika seli. Na kikubwa, ya kimeng'enya kinachonakili RNA. Kipande hicho kikubwa ni kirefu sana kikilinganishwa na cha virusi jirani, na protini yake ina sehemu inayofuta alama za kemikali ambazo seli huzitumia kuamsha kinga.

Ganda la nje lina mafuta. Kwa hiyo sabuni na klorini hukiharibu kirusi.

Kupe ndiye ghala

Kirusi cha Krimea-Kongo hukaa hasa katika kupe wa jenasi ya Hyalomma, wenye pete nyeupe miguuni. Hubaki mwilini mwa kupe anapokua kutoka hatua moja hadi nyingine, na huweza kurithishwa kupitia mayai. Kirusi cha kondoo wa Nairobi huenezwa zaidi na kupe wa masikio wa rangi ya kahawia.

Hapa ndipo ndugu hawa wanapotofautiana. Cha Nairobi huweza kuua hadi asilimia 90 ya kondoo wasio na kinga, lakini ni nadra kumdhuru binadamu. Cha Krimea-Kongo huzunguka katika damu ya ng'ombe, kondoo na mbuzi kwa takribani wiki moja bila mnyama kuonesha dalili, kisha humuua binadamu: kati ya wagonjwa 100, hufa 10 hadi 40.

Kwa hiyo, swali "Je, mifugo yenu inaumwa?" halitoshi. Jibu la "hapana" halimwondolei mgonjwa hatari.

Kliniki na nyumbani

Mgonjwa mwenye homa ya ghafla, maumivu ya misuli na dalili za kutokwa damu aulizwe: Ameumwa na kupe, au amempasua kwa vidole? Amechinja, amechuna ngozi au amemzalisha mnyama? Amemhudumia mtu aliyetokwa damu? Baada ya kuumwa na kupe, dalili huanza kwa kawaida siku 1 hadi 3, na si zaidi ya siku 9. Baada ya kugusa damu, siku 5 au 6, na si zaidi ya 13. Kipimo cha malaria kikionesha vimelea hakiondoi shaka hiyo.

Anayeshukiwa atengwe, watoa huduma wavae glovu, gauni, barakoa na kinga ya macho, na taarifa itolewe mara moja. Asipewe aspirini, kwani huzidisha kutokwa damu. Hakuna chanjo inayotumika kwa wingi. Uangalizi wa maji mwilini na damu ndio msingi wa tiba.

Mfugaji aogeshe mifugo kwa dawa ya kupe, asipasue kupe kwa mikono mitupu, na avae glovu anapochinja. Nyama iliyopikwa ikaiva vizuri haina hatari.