Pushapu Nusu Haihesabiwi

Kijana anayetaka kuingia jeshini hupimwa nguvu, na mara nyingi hupimwa kwa pushapu. Kwa mfano, katika jeshi la nchi kavu la Marekani, tangu 1980 mpaka 2022, askari alipewa dakika 2 apige kadiri awezavyo. Mwili ulinyooka kama ubao. Alishuka mpaka mkono, toka bega hadi kiwiko, ulale sawa na ardhi. Asipofika hapo, haikuhesabiwa. Akiweka magoti chini, basi, kipimo kimekwisha.

Tumeona vijana wakijitesa. Leo 100, kesho bega limevimba. Ati ndiyo mazoezi! Wala tusidhani jembe linatosha: jembe tunalivuta, pushapu ni kusukuma.

Ukiweza 20, piga 10, pumzika kidogo, rudia mara tatu. Kesho yake usipige, maana msuli hupata nguvu tukipumzika na kula. Kila wiki ongeza moja au mbili. Asiyeweza hata moja aanze kwa kusukuma ukuta, halafu benchi, ndipo ashuke chini. Bega likichoma, acha. Baada ya wiki mbili jipime kwa saa, na mwenzako ahesabu bila kukuonea huruma.