Fotoni Pacha Hazitibu Kisukari

Hivi majuzi mama mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari aliletwa kwangu akiwa hoi, kinywa kikavu, na sukari imepanda kupita kiasi. Alikuwa ameacha tembe zake kwa majuma matatu.

"Daktari," akasema, "nilishikishwa kijiti cha chuma cha mashine ya kwantamu. Nikaambiwa nuru yake imeungana na kongosho langu, italiponya hata nikiwa nyumbani."

Uongo huu umepakwa ukweli kidogo, ndiyo maana unawanasa wengi. Nuru husafiri kwa vipande vidogo mno viitwavyo fotoni. Wanasayansi wanaweza kuunda fotoni pacha kwa kumulika fuwele maalumu kwa leza. Mara chache sana, fotoni moja ikipita humo huzaa mbili, kila moja ikiwa na takriban nusu ya nguvu za ile ya kwanza. Ukipima mwelekeo wa mtetemo wa moja, wa mwenzake huafikiana nao, hata zikiwa mbalimbali. Majaribio ya fotoni pacha yaliwapatia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2022.

Lakini fotoni hizo hazitumiani ujumbe. Jibu la kila kipimo ni la bahati nasibu. Uafikiano huonekana tu matokeo ya pande zote mbili yanapolinganishwa. Nayo fotoni ikimezwa na ngozi, imekwisha. Haina njia ya kuamuru kongosho litoe insulini.

Hospitalini fotoni pacha zipo kweli, katika kipimo kiitwacho PET. Mgonjwa hudungwa sukari yenye mnururisho kidogo. Chembe inayotoka humo hukutana na elektroni mwilini, zote mbili hutoweka, na fotoni mbili hutimka kila moja upande wake. Mashine huzinasa kwa pamoja na kuonyesha mahali sukari ilikojikusanya, kwa mfano penye saratani. Hata hapo, fotoni humwonyesha daktari tu, hazitibu.

Kwa hivyo, msomaji, ukiambiwa kijiti kimesoma maradhi yako yote, nenda ukapimwe damu hospitalini. Wala usiache dawa za kisukari au za shinikizo la damu kabla ya kumwona daktari wako. Mama yule amerudia tembe zake na anaendelea vyema. Angechelewa kidogo, huenda tungempoteza.