Mtoto Akibadilika Tabia, Asifichwe

Mara nyingi huanza kidogo kidogo. Mtoto aliyekuwa akicheza na wenzake anaanza kukaa peke yake. Usiku hapati usingizi, au anashtuka akilia. Alama zake shuleni zinashuka. Analalamika kuumwa na kichwa au tumbo, lakini vipimo havionyeshi malaria wala taifodi. Nyumbani wengine wanasema ni uvivu, wengine wanasema ni majini. Miezi inapita kabla ya mtu kufikiria kumpeleka hospitalini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Watoto wa Garissa wana mizigo yao pia. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015 liliua watu 148, wengi wao wanafunzi. Ukame ulioanza 2020, ambapo mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, uliua mifugo na kuhamisha familia. Kule Dadaab, ambako kambi zilianza 1991, kuna vijana waliozaliwa na kukulia humo. Wakazi wa kambini wana neno lao, buufis, la kiu ya kuhamia ng'ambo ambayo ikikosa kutimia humwacha mtu amevunjika moyo.

Dalili za kuangalia

Huzuni au hasira ya siku moja mbili ni kawaida. Mzazi achukue hatua hali ikidumu wiki mbili au zaidi, au ikimzuia mtoto kula, kulala, kusoma au kucheza. Mtoto mdogo anaweza kurudia kukojoa kitandani. Kijana anaweza kuanza miraa au dawa nyingine. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayezungumzia kufa, apelekwe siku hiyo hiyo. Anayeanguka na kutetemeka huenda ana kifafa, ugonjwa unaodhibitiwa kwa dawa.

Pa kuanzia

Si lazima kusafiri mbali. Mzazi anaweza kuanza kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake au zahanati iliyo karibu. Kesi nzito hupewa rufaa hadi hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Garissa. Zikihitaji wataalamu zaidi, hupelekwa Hospitali ya Mathari, Nairobi.

Mhudumu huanza kwa maswali: tatizo lilianza lini, nini kilitokea kabla yake, mtoto analala vipi. Huzungumza na mzazi, kisha na mtoto peke yake ikifaa. Wengi husaidiwa kwa ushauri nasaha pamoja na familia. Si kila mtoto hupewa dawa. Akipewa, zisikatizwe bila kumuuliza daktari, hata akionekana amepona. Anayoyasema mgonjwa ni siri yake na mhudumu, isipokuwa pale maisha yako hatarini.

Kumsomea mtoto Qur'ani hakuzuii matibabu. Familia inaweza kuendelea na dua huku ikifuata maagizo ya daktari. Lakini kumfunga kwa kamba au mnyororo, kumpiga au kumnyima chakula humjeruhi na kumwongezea hofu.

Sheria inasema nini

Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho 2022, inazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Kwa hivyo kuzitafuta ni haki ya mkazi, si aibu.

Baadhi ya familia humficha mtoto aliyejaribu kujitoa uhai kwa kuogopa polisi. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mtoto huyo anahitaji daktari haraka, na asiachwe peke yake.

Nyumbani

Mzazi amsikilize mtoto bila kumkaripia, amwulize moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru, na aweke mbali dawa na sumu ya mifugo. Kuuliza hakumtii mtoto wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema. Mzazi aliyelemewa naye anaweza kuomba ushauri kituoni.

Nambari za kupiga bila malipo ni 116, ya kusaidia watoto, na 1199, ya Shirika la Msalaba Mwekundu.