Mshahara wa Askari Hewa

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa miaka mingi mshahara wa askari ulipita njia ile ile ya amri. Fedha zilitoka Kinshasa, zikakabidhiwa makamanda, nao wakazigawa vikosini. Mkuu wa kikosi aliyeorodhesha majina ya waliokufa, waliotoroka na hata wasiowahi kuzaliwa, alizitia kibindoni fedha za askari hewa hao. Naye askari hai, aliyekesha lindoni, akapokea kilichosalia, kama kilisalia. Askari wa namna hiyo akifunga njia kwa kamba na kumtoza mama apelekaye mihogo sokoni, kosa ni lake, lakini mzizi wake uko juu zaidi.

Mwaka 2005, kwa msaada wa wataalamu wa Umoja wa Ulaya, kazi ya kutenganisha mambo hayo mawili ilianza: anayeamuru asilipe, na anayelipa asiamuru. Askari walihesabiwa upya, wakachukuliwa alama za vidole na kupewa vitambulisho. Majina mengi yakakosa wenyewe. Baadaye malipo yakaanza kupitia benki, ingawa vikosi vilivyo porini, mbali na benki, viliendelea kulipwa mkononi, na mkononi ndiko wizi ulikozoea.

Daftari safi halitoshi bila adhabu. Nchini Uganda, jirani wa Kongo, ambako jeshi nalo lilipata kusumbuliwa na askari hewa, mahakama ya kijeshi mwaka 2008 ilimhukumu Meja Jenerali James Kazini, aliyepata kuwa mkuu wa jeshi, kifungo cha miaka 3 kwa kosa hilo. Waliomhukumu walikuwa maafisa wenzake.