Mzigo na Uhuru wa Msafiri



Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo: mzigo wa msafiri.

Mtazame abiria anayeshuka basini Arusha. Mwenye mkoba mdogo huuliza njia na kwenda zake. Mwenye masanduku mawili hana mikono. Wapiga debe wamemzunguka, huyu anavuta sanduku kwenye teksi, yule anavuta jingine kwenye bodaboda. Akili yake yote iko kwenye mali, hana nafasi ya kupatana bei. Uhuru wa kwanza anaoupoteza ni ule wa kusema hapana.

Uhuru wa pili ni wa kwenda atakako. Mnara wa Saa, Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, na Makumbusho ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vyote unaweza kuviona kwa miguu katika siku moja. Lakini si kwa kuburuta sanduku kandokando ya mitaro. Mwenye mzigo huishia mkahawani akilinda mali yake. Ni heri auache mapokezi kwenye gesti, umefungwa kufuli, fedha na hati za safari akiwa nazo mwenyewe.

Hata anayeruka kwa ndege ndogo kutoka Arusha kwenda Serengeti hasalimiki. Kikomo cha kawaida ni kilo 15, mkoba wa mkononi ukihesabiwa humo, tena katika begi laini, kwa sababu nafasi ya mizigo ni finyu na uzito hupimwa kwa hadhari.

Sasa twende Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,560. Kwenye lango la Momella mpandaji huanza safari na maji na koti la mvua tu. Askari mwenye bunduki hufuatana naye, maana nyati ni wengi. Mgeni anatembea huru, anasimama kumtazama twiga.

Je, mzigo wake umetoweka? La. Umo mgongoni mwa mpagazi, unapanda hadi vibanda vya Miriakamba, kiasi cha mita 2,500, na kesho yake vibanda vya Saddle, kiasi cha mita 3,500. Wapagazi wenyewe huitana wagumu, na jina hilo halikuja bure. Kwenye mlima jirani wa Kilimanjaro, taratibu za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi mmoja, na mizigo hupimwa langoni.

Kupunguza mzigo si kumnyima mpagazi kibarua. Ni kumpa kibarua kinachobebeka, na ujira wake ubaki pale pale.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, unapofunga begi lako nyumbani, linyanyue kwanza wewe mwenyewe, uzunguke nalo uani. Ukishindwa, punguza. Wahenga walikwisha kutuonya: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.